Mtu amekubali kuacha pombe: namfikishaje kwenye mkutano wa kwanza, na kama mkutano hauko karibu?

mhudumu_kata

Habari za jioni wakuu. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kilimanjaro, kata za juu huku kwenye migomba. Pombe ya hapa ni mbege, na kwa waliozidi ni gongo. Kila baada ya muda anatokea mtu anayesema mwenyewe, bila kusukumwa, "nimechoka, nataka kuacha." Kinachofuata ndicho kinachonishinda. Anapewa karatasi yenye namba ya simu na neno "AA" (Alcoholics Anonymous, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe), anaitia mfukoni, habari inaishia hapo.

Naomba wanaoifahamu mikutano hii kwa undani wanisaidie. Unaupataje mkutano ambao kweli upo, maana orodha za mtandaoni nyingine zimekufa? Mtu wa mara ya kwanza aelezwe nini kabla hajaingia? Mimi ambaye sina tatizo la pombe naruhusiwa kuingia naye? Na kule ambako mkutano wa karibu ni nauli ya kwenda na kurudi mjini, tunafanyaje? Nataka mambo ya vitendo, maneno ya kutia moyo ninayo ya kutosha.

kiti_cha_nyuma

Mhudumu, hiyo karatasi ndiyo tatizo lenyewe. Mwaka 1981 kule Marekani ulifanyika utafiti wa wagonjwa 20 tu. Nusu yao walipewa maelezo na ratiba ya mikutano, kama unavyofanya. Nusu nyingine, mshauri alimpigia mwanachama wa AA mgonjwa akiwa amekaa palepale, akampa simu azungumze mwenyewe, na yule mwanachama akajitolea kukutana naye na kwenda naye. Waliopigiwa simu walihudhuria wote. Waliopewa maelezo hakuhudhuria hata mmoja. Utafiti ni mdogo, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye vyumba hivi atakuambia ndivyo ilivyo: mtu haogopi mkutano, anaogopa mlango.

Kwa hiyo anza hivi. Kabla hujamtajia mtu mkutano wowote, wewe mwenyewe piga simu na uulize mambo haya: Bado mnakutana, na mara ya mwisho ilikuwa lini? Siku gani, saa ngapi? Jengo gani, geti gani, chumba gani? Mkutano ni wazi au wa ndani? Lugha ni Kiswahili, Kiingereza au mchanganyiko? Na la mwisho, lenye uzito kuliko yote: nani atakuwa nje dakika kumi kabla, wa jinsia moja na mgeni wangu?

Kwenye saa, kuwa mwangalifu sana. Orodha zimeandikwa kwa saa za kizungu. Mtu anaona 7 pm anakwenda saa 7 mchana, anakuta kufuli, anarudi na sababu ya kutokwenda tena. Mwandikie "saa 1 usiku" kwa maneno.

Geti nalo. Mikutano mingi hukodi chumba kwenye uwanja wa kanisa, na mlinzi huuliza "unakwenda wapi?" Mgeni hataki kutamka "AA" mbele ya mlinzi na waumini. Mpe sentensi tayari: "Nimekuja kwenye kikao cha saa 12:30, kile cha chumba cha nyuma." Halafu tazama kalenda. Wiki ya Pasaka, mazishi, harusi, chumba kinaweza kuchukuliwa na kikao kikahamia chini ya mti au kisifanyike. Piga simu tena siku yenyewe.

Kuhusu wewe kuingia: mkutano wazi anaingia yeyote, ndugu, mhudumu, mwanafunzi wa uuguzi. Mkutano wa ndani ni kwa wenye hamu ya kuacha kunywa peke yao. Kwa mara ya kwanza tafuta ulio wazi, ukae naye, usichangie lolote. Kama uliopo ni wa ndani, mkabidhi mlangoni kwa yule uliyeongea naye kwenye simu, uondoke kabisa. Usimsubiri nje ya dirisha, anaweza kuhisi analindwa.

mhudumu_kata

Asante sana. Ndani kunatokea nini hasa? Wanachoniuliza zaidi ni hicho: nitalazimishwa kuongea? nitalipa? nitaapishwa?

kiti_cha_nyuma

Kikao huchukua saa moja, au saa moja na nusu. Mwenyekiti wa siku anafungua, kunakuwa na ukimya mfupi, watu husema ile sala fupi ya kuomba utulivu, kisha utangulizi unasomwa na mara nyingi Hatua 12 nazo, yaani mwongozo wa AA wa kupona. Baada ya hapo mtu mmoja anaeleza safari yake, au inasomwa sehemu ya kitabu, halafu watu wanashea kwa zamu, dakika tatu hadi tano kila mmoja. Hakuna kujibizana. Mtu akimaliza anaambiwa asante, anafuata mwingine. Hii huwachanganya wageni wa kwetu waliozoea vikao vya ukoo, ambako mtu akisema neno wazee wanamhukumu. Mweleze mapema kwamba ule ukimya baada ya mtu kuongea ni heshima, siyo kupuuzwa.

Kuongea si lazima. Zamu ikifika anasema jina moja tu, hata la utani, na "leo nasikiliza." Na hili la "mimi ni mlevi" lisimtishe. Kwa Kiswahili "mlevi" ni tusi kabla halijawa utambulisho, na wapo wanaokimbia kwa neno hilo peke yake. Sharti la uanachama ni moja: hamu ya kuacha kunywa. Akisema "naitwa fulani, nataka kuacha pombe", ameshatimiza.

Ada hakuna. Kofia au kikapu hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba, na mgeni anaruhusiwa kukipitisha bila kutia kitu. Mwambie hilo kwa msisitizo, kwa sababu watu wetu wakiona kikapu wanawaza sadaka, na asiye na kitu mfukoni anaona aibu kurudi.

Kiapo hakuna. Orodha ya majina inayopelekwa popote hakuna.

Mwisho wa kikao ndipo kazi yenyewe ilipo. Watu wanabaki dakika kumi, kumi na tano, wanakunywa chai, wanapeana namba. Mgeni anayetoka mbio pale kinapofungwa amekosa nusu ya alichofuata. Lengo lake kwa siku ya kwanza liwe moja tu: atoke na namba mbili za simu, na ampigie mmoja wapo kesho yake hata kama hana la kusema. Mwanamume achukue za wanaume, mwanamke za wanawake. Si adabu tu. Mgeni katika wiki za mwanzo ni mtu dhaifu, na wapo wanaotumia udhaifu huo kwa mapenzi au kwa mikopo. Mtu akimwomba au kumpa mgeni pesa siku za mwanzo, ni dalili mbaya.

Na asihukumu kwa kikao kimoja. Kila kundi lina tabia yake. Ahudhurie angalau vitano au sita, ikiwezekana vya makundi tofauti, ndipo aseme hakimfai.

nesi_wa_zamu

Naomba nisimamishe kidogo hapa, kwa sababu kuna hatua imerukwa na inaua.

Mtu anayekunywa kila siku, anayezimua asubuhi ili mikono itulie, asiambiwe "acha leo, kesho twende kikaoni." Arosto ya pombe, yaani mwili kuikosa pombe ghafla, ni hatari. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika na kukosa usingizi huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48. Kuchanganyikiwa, homa, kuona wadudu au watu wasiokuwepo, hiyo huja siku ya pili hadi ya nne, na bila matibabu mtu anaweza kufa. Familia nyingi hudhani amerogwa, wanampeleka kwingine, siku zinapita.

Muulize mambo manne. Unakunywa kila siku? Unahitaji kunywa asubuhi? Umewahi kuanguka degedege ulipoacha? Una ugonjwa mwingine, ini, sukari, ujauzito? Akisema ndiyo kwa la pili au la tatu, aanzie hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Kule wanatumia dawa kama diazepamu kwa ratiba inayopungua, chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo hutangulia kabla ya dripu ya glukosi ili ubongo usidhurike. Diazepamu ya kununua dukani na kumeza nyumbani huku gongo ipo ni njia ya kusimamisha pumzi. Na mnywaji wa gongo anayesema macho yameingia ukungu asisubiri kesho, hiyo inaweza kuwa methanoli, pombe ya sumu.

Kipo pia kipimo cha Shirika la Afya Duniani, AUDIT, maswali 10, alama za juu kabisa 40. Kuanzia 8 ni unywaji wa hatari. Kuanzia 20 fikiria utegemezi na mpeleke kwa mtaalamu. Kwa mhudumu wa jamii ni karatasi moja, na hutakuwa ukikisia.

Akitoka wodini, pengo ni siku ya kuruhusiwa. Mkutano wa kwanza uwe umepangwa kabla hajatoka, ndani ya wiki hiyohiyo. Na kama kapewa dawa za kuendelea nazo, iwe za kupunguza hamu ya pombe au za sonona, asiziache kwa sababu mtu kikaoni kamwambia "hiyo nayo ni ulevi." AA haina kanuni ya kukataza dawa za daktari. Anayesema hivyo anasema lake.

mhudumu_kata

Nesi, hili la kuzimua asubuhi nilikuwa silipi uzito. Nimeliandika.

Maswali mawili mengine. Nina watu wawili Waislamu ambao hawataki kukanyaga uwanja wa kanisa. Na nina mama mmoja ambaye hawezi kurudi mlimani usiku.

pwani_bila_mnazi

Kwa Waislamu jibu la kwanza ni kwamba chumba ni cha kupanga, AA haina dini wala haimilikiwi na kanisa. Jibu hilo ni la kweli lakini kwa wengi halitoshi, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu. Zipo njia nyingine. Hatua zinamtaja Mungu "kadri tulivyomwelewa", na Mwislamu anazifanya kwa imani yake bila kubadili kitu. Vikao vingine hufunga kwa Sala ya Bwana. Anaweza kusimama kimya, hakuna atakayemuuliza. Kinachogongana kweli ni saa: kikao cha saa 12:30 jioni kinakaribiana sana na Magharibi. Atoke, aswali, arudi, si kosa. Mwezi wa Ramadhani vikao vya jioni vinamshinda kwa sababu ya futari, basi ahamie vya mtandaoni vya baada ya tarawehe.

Zanzibar na Dar, nyumba za soba (makazi ya waraibu wanaopona) zinaendesha mikutano ya Hatua 12, mingi ikiwa ya NA (Narcotics Anonymous, ushirika kama AA lakini wa dawa za kulevya), na waraibu wengi pale ni Waislamu. NA inahesabu pombe kuwa dawa ya kulevya kama nyingine, hivyo mwenye tatizo la pombe peke yake anakaribishwa. Atasikia unga (heroini) ukiongelewa zaidi kuliko mbege, lakini Hatua ni zilezile.

Kwa huyo mama: tafuta kikao cha mchana au cha Jumamosi asubuhi, na umuulize yule dada wa kwenye simu kama kuna kikao cha wanawake peke yao. Kisipokuwepo, wa mtandaoni. Mwanamke anayekunywa hubeba aibu mara mbili, na kumwambia akae na wanaume kumi na wawili wa kijiji jirani ni kumwambia asiende.

bando_la_usiku

Kuhusu mtandaoni, kwa sababu huko mlimani ndiko mtakakoanzia.

Programu ya simu ya Meeting Guide ni ya bure, alama yake ni kiti. Inachukua taarifa kutoka ofisi za AA zilizojiunga nayo, kwa hiyo eneo ambalo ofisi yake haijajiunga litaonekana tupu hata kama kikao kipo. Usihitimishe "hakuna" kwa kuangalia hapo tu. Kwa vikao vya mtandaoni kuna orodha ya Online Intergroup ya AA, yenye vikao mchana na usiku. Kenya ina vikao vingi kuliko jirani zake, hasa Nairobi, hivyo ukipata mtu wa Nairobi muulize kama wana kikao cha simu kinachotumia Kiswahili. Na kwa mtu aliye upande wa Kenya anayehitaji mahali pa kuanzia, namba ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haikatwi hela.

Saa tena. Afrika Kusini wako nyuma yetu saa moja: kikao chao cha 7 pm kwetu ni saa 2 usiku. London 7 pm kwetu ni saa 3 usiku majira yao ya joto, saa 4 usiku majira ya baridi. New York 8 pm ni saa 9 au 10 usiku wa manane, achana nayo. Ila kikao chao cha saa 6 mchana kwetu ni saa 1 au 2 usiku, kinafaa. Saa zao hubadilika mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na Oktoba au Novemba, na hapo watu hupotea.

Kabla ya kuingia abadilishe jina linaloonekana, kwa sababu simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenye simu. Kamera izimwe, sauti izimwe. Sauti peke yake inatumia bando kidogo sana, video ndiyo inayolimaliza. Avae visikilizio, maana faragha ya wengine chumbani ni jukumu lake pia: mke na watoto hawapaswi kusikia siri za mtu wa Durban. Ahudhurie kikao kilekile, siku ileile, ili sauti zimzoee. Anayerukaruka vikao ishirini vya nchi kumi hajulikani popote.

Makundi ya WhatsApp yana kasoro moja kubwa: namba yako inaonekana na kila aliyemo. Kijijini hiyo ni sawa na kutangaza. Aulize kwanza nani wamo.

kiti_cha_nyuma

Niongezee kuhusu sponsa, kwa kuwa atasikia neno hilo. Ni mtu wa kumwongoza kwenye Hatua, wa jinsia yake, aliyekaa bila pombe kwa kawaida mwaka au zaidi, na ambaye yeye mwenyewe amezipitia Hatua na ana sponsa wake. Si mfadhili wa nauli, wala si mshauri wa ndoa. Mgeni anaweza kuomba sponsa wa muda wiki ya kwanza na kumbadilisha baadaye bila ugomvi.

Vile vikao 90 kwa siku 90 ambavyo atavisikia ni desturi tu ya watu wa mijini. Kwa mtu wa nauli, kimoja cha ana kwa ana kwa wiki, viwili vitatu vya simu, na simu moja kwa siku kwa mwenzake, inatosha kuanzia.

Na usimpigie katibu wa kikao kumuuliza "fulani alikuja?" Hatajibu, na akijibu amekosea. Muulize mwenyewe. Waajiri wakitaka uthibitisho wa maandishi, makundi mengine husaini karatasi na mengine hukataa, ulizeni kabla.

mhudumu_kata

Nimeelewa. Sasa nina watu wanne ambao wametoka wodini kwa nyakati tofauti na bado hawajanywa. Wanaweza kuanzisha chao huku juu? Ofisi ya kata ina chumba, na kuna mradi ulikuwa tayari kutoa posho ya kikao.

kiti_cha_nyuma

Wanne ni wengi. AA yenyewe inahesabu kuanza kwake Juni 1935 kule Akron, Ohio, na walikuwa wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith.

Posho ikatae, hata kama inauma. Siku posho inapoingia, wanakuja wenye njaa ya posho, na siku mradi unapofungwa kikao kinakufa mchana wake. AA hujitegemea kwa michango ya wanachama wake. Na wewe mhudumu usiwe mwenyekiti. Ukiongoza wewe ambaye si mlevi, hicho ni kikundi cha msaada, kitu kizuri, lakini si AA, kipeni jina lingine. Kazi yako iwe kupata chumba na kuwapa watu njia ya kufika.

Ofisi ya kata mimi nisingeichagua. Mtu anayeonekana anaingia pale jioni ataulizwa ana kesi gani. Darasa la shule baada ya masomo, ukumbi wa ushirika, hata baraza la nyumba isiyo na watoto. Tazama njia ya kurudi: kama kilabu cha mbege kiko kati ya chumba na nyumbani kwao, hamisheni chumba.

Siku ileile, saa ileile, bila kubadilisha. Wekeni viti sita, siyo ishirini, kwa sababu viti vitupu kumi na sita vinavunja moyo. Kazi ni tatu: wa kufungua mlango na kupanga viti, wa kuongoza kusoma, wa kutunza daftari la michango. Zizungushwe kila miezi mitatu, la sivyo kikao kitakuwa cha mtu mmoja na akiteleza kitaanguka naye. Waunganishwe kwa simu na kundi kongwe la mjini, mtu kutoka kule apande mara moja kwa mwezi. Mtu akija amekunywa, anakaa, anasikiliza, haongei, na mmoja anamsindikiza nyumbani.

Siku ya kuchagua ni siku ya gulio, saa moja kabla ya watu kuanza kushuka kwenda kilabuni.

nesi_wa_zamu

Kwa anayejiuliza kama haya yote yana ushahidi: mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba) ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565. Programu za kitaalamu zinazomwandaa mtu na kumuunganisha na AA kwa utaratibu zilisaidia watu wengi zaidi kukaa bila kunywa kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika, ikiwemo tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia. Angalia palipo na uzito: kumuunganisha. Ni ileile simu aliyoitaja kiti_cha_nyuma.

Familia nazo zina vikao vyao, Al-Anon, tangu 1951. Mke asifanywe mpelelezi wa chupa.

mhudumu_kata

Asanteni sana. Swali la mwisho: Disemba. Watu wote wanarudi nyumbani, kila boma lina mbege, na kukataa kata (kibuyu cha kunywea) ni kumdharau mwenye nyumba.

pwani_bila_mnazi

Disemba kikao kisifungwe hata wiki moja, hata ikiwa tarehe 25. Ongezeni, siyo kupunguza: tarehe 24, 25, 26 na 31 kikao kila siku, asubuhi, hata cha nusu saa. Kila mmoja awe na sentensi yake moja ya kukataa, aliyoijaribu kwa sauti mbele ya wenzake: "Niko kwenye dawa, daktari kanizuia" inakubalika kila boma na haileti maswali mapya. Aende akiwa ameshiba, ashike kikombe chake cha chai au togwa isiyochacha tangu anaingia, kwani mkono mtupu ndio unaopewa kata. Akae karibu na mlango. Kabla ya kuondoka nyumbani ampigie mwenzake aseme anakwenda wapi na atatoka saa ngapi, na saa hiyo ikipita yule mwenzake apige.

mhudumu_kata

Nimepata namba ya dada mmoja wa kikao cha Jumamosi mjini, saa 4 asubuhi, mkutano wazi. Kesho nampigia yule mama akiwa amekaa hapa kwangu.